Gia Laini na Maziwa ya Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu niwe mke wa mtu, na mtu akisema "mke wako" bado nageuka kutazama anasemwa nani. Daftari hili lilikuwa la kemia, kidato cha nne. Kurasa tatu zilikuwa na kemia, nimezichana. Zilizobaki ni za mapenzi.

Humu ndani mume wangu nitamwita Laazizi, kwa kuwa mbele ya mama yake sithubutu. Mbele ya mama yake namwita "yeye".

Mambo ni haya. Laazizi ameendesha lori la mtu miaka saba. Nyumbani alikuwa akilala siku nne kwa mwezi, na mbili kati ya hizo anashinda chini ya lori akikaza nati. Wiki ya harusi yetu akaleta pikapu mpya, nyeupe, ya milango minne, viti bado vina nailoni. Tena ni otomatiki: haina klachi, gia inajibadilisha yenyewe. Na leo wafugaji wametupa kazi ya kupeleka maziwa yao kiwandani kila asubuhi, madebe ishirini, kwa msimu huu wa mvua kwanza.

Mwenyekiti wao, mama mwenye ng'ombe saba na maneno machache, alisema, "Mvua ndiyo mtihani. Zikiisha na maziwa yetu yamefika mazima, kazi ni yenu mwaka mzima. Yakichacha njiani, mwenye trekta yupo."

Mwenye lori naye yupo. Amemwambia Laazizi nafasi yake ataishika hadi mvua ziishe. Mimi hilo lori sitaki hata kulisikia, na Laazizi ameniahidi hatarudi. Sikuolewa niwe mke wa siku nne.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda naye kiwandani. Mlango amenifungulia yeye, kama kwenye picha za harusi, ila safari hii nilikuwa na viatu vya mpira.

Jamani, hiyo pikapu! Gia zinaingia laini hata huzisikii. Kwenye lori, alisema, ukibadilisha gia meno yanagongana, yako na ya giaboksi. Hapa unasikia tu sauti ya injini inashuka kidogo, kama mtu aliyepumua usingizini. Laazizi anakanyaga mafuta kwa ncha ya kiatu, na mkono wake wa kushoto, uliozoea kushika gia, hauna kazi. Basi ukaja kunishika mimi.

"Mbona unakwenda taratibu hivi?" nikamuuliza.

"Nimebeba maziwa na bibi harusi. Vyote viwili vikitikiswa vinaharibika."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Madebe ishirini. Yote yamepokelewa.

Jumapili, 10 Machi

Kiwanda hufungwa Jumapili, kwa hiyo Laazizi ameanza kunifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa shule. Ameweka kikombe cha maji juu ya dashibodi, kimejaa hadi ukingoni. Sheria: tone likimwagika, mwanafunzi anaosha gari. Nimeliosha mara mbili. Ya tatu kikombe kilizunguka uwanja mzima bila kumwagika, na mwalimu wangu akanibusu mbele ya magoli.

Jumanne, 12 Machi

Wifi, dada yake Laazizi, amekuja kusuka nywele akaniona nafuta pikapu kwa kitambaa cha hariri.

"Wifi, pole," akasema. "Umeolewa uke wenza."

"Na nani?"

"Na huyo mwenye magurudumu manne. Na angalia bati la banda lake, jipya kuliko la chumba chenu."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele, hakucheka. Mama huyu simwelewi. Tangu nifike ameniambia sentensi zisizozidi kumi, na sita kati ya hizo zilihusu chumvi.

Jumatano, 13 Machi

Kikombe tena, jioni. Laazizi anasema kila siku baada ya kazi nizunguke nusu saa, ili mkono uzoee. Naye asubuhi anaendesha vilevile, taratibu, kana kwamba kikombe kipo. Mungu kanipa mtu mpole.

Jumatatu, 18 Machi

Leo kuna jambo. Baada ya daraja kuna mlima, si mrefu lakini umesimama. Katikati ya mlima injini ikapiga kelele ghafla, mshale wa mizunguko ukaruka juu, na gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Kama mtu anayekimbia ndotoni. Halafu gia ikashika, tukaendelea.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Tope."

Lakini pale ni lami.

Jumatano, 20 Machi

Mlimani imefanya tena. Mara mbili.

Alhamisi, 21 Machi

Mara tatu. Tumefika dakika kumi na tano baada ya saa yetu. Mpimaji wa kiwanda, kijana wa koti jeupe, alitazama saa kisha akatutazama sisi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeanza kuujua ugonjwa wenyewe. Gari likiwa tupu, raha mustarehe. Likiwa na mzigo, linakimbilia gia kubwa mapema mno, na gia yenyewe inaingia kwa kujivuta, laini, laini, hadi ule ulaini niliousifu kurasa za kwanza sasa unanitisha. Leo tulisimama katikati ya mlima tukingoja lipoe, maana kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Laazizi alishuka akasimama mbele ya boneti mikono kiunoni, mvua inamchapa. Hata akiwa na wasiwasi ni mzuri.

Amesema Alhamisi atalipeleka gereji ya waliotuuzia. Gari jipya, wanapaswa kulitazama.

Alhamisi, 28 Machi

Amekwenda, amerudi jioni. "Wamesema ni kawaida. Gia laini ndiyo tabia ya magari haya."

Nimefurahi sana. Nimempikia anachopenda, nikampaka mafuta miguu. Hasa wa kulia, unaofanya kazi peke yake siku hizi.

Jumatano, 3 Aprili

Madebe sita yamekataliwa.

Mlimani tulisimama mara mbili. Tulipofika, jua lilikuwa limeshatoka, na madebe ya juu yalikuwa ya moto ukiyagusa. Mpimaji ana kigilasi chake: anatia maziwa kidogo, anatia spiriti, anatikisa, anainua kwenye mwanga. Yakibaki laini, yanapita. Yakifanya punje, basi. Debe la kwanza lilipita. La saba likafanya punje, na la nane, na la tisa. Kila akiinua kigilasi Laazizi alikuwa anainua kidevu, kana kwamba yeye ndiye aliyemo humo ndani.

Tuliyarudisha kwa wenyewe. Mzee mmoja alimmwagia mbwa wake debe lake papo hapo, akatutazama wakati mbwa anakunywa.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Mara moja ni ajali," alisema. "Nitasema hivyo kwenye kikao. Mara mbili sijui nitasema nini. Mara tatu sitasema, nitampigia mwenye trekta."

Jumanne, 9 Aprili

Laazizi amelipeleka tena gereji baada ya kazi. "Wameunganisha kompyuta, wameona safi."

Nimelifuta gari kama kawaida. Njia ya mjini ni lami tupu. Magurudumu yalikuwa na udongo mweusi, ule unaonata wa kule mtoni.

Jumatano, 10 Aprili

Sijauliza. Wifi kaja na mzaha wake wa uke wenza, sikucheka.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefaulu mtihani wa leseni! Askari aliniambia nina mguu mtulivu kuliko wote aliowapima wiki hii. Laazizi alinibeba mbele ya watu. Kwa saa nzima sikufikiria udongo mweusi.

Jumatatu, 15 Aprili

Mara ya pili. Madebe tisa.

Jumanne, 16 Aprili

Nitaandika yote, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Mchana, Laazizi alipokwenda kuoga, nilifungua kisanduku cha gari kutafuta kitambaa. Kuna kijitabu cha huduma, ambacho gereji wanatakiwa wagonge mhuri kila gari linapoingia. Nikakifungua. Kurasa zote nyeupe. Hakuna mhuri wa tarehe ishirini na nane, hakuna wa tarehe tisa.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Udongo wa mtoni, mhuri hakuna. Kila mwanamke aliyewahi kumchekea mume wangu alinipita machoni, hata muuza vocha, hata yule mjane wa nyumba ya tatu ambaye ana miaka sitini.

Alipotoka bafuni na taulo begani, nilikuwa nimesimama mlangoni na kijitabu.

"Ulikuwa wapi Alhamisi ile?"

"Gereji."

"Na Jumanne?"

Akakiona kijitabu. Akakaa kwenye ngazi, taulo bado begani.

"Mtoni," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa nani nini? Kwa mtu gani? Nilikuwa kwenye gari."

"Unafanya nini kwenye gari saa tano nzima?"

"Nasoma."

Nilidhani ananifanyia dhihaka. Akaingia ndani akatoka na kile kitabu kinene kilichokuja na pikapu, kimejaa alama za kalamu ya risasi. "Sura ya gia nimeisoma mara tatu," alisema. "Nusu naielewa. Nusu ile nyingine ndiyo yenye dawa."

"Kwa nini usiende gereji, mume wangu? Wapo kwa ajili hiyo!"

Alikuwa anachezea uzi wa taulo. Hatimaye akanieleza siku aliyokwenda kulichukua gari. Muuzaji alikaa pembeni yake kumwonyesha vitufe, wakazunguka uani. Laazizi akataka kubadilisha gia, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi, miaka saba si mchezo. Klachi haipo. Kuna breki pana kama kibao cha mbuzi. Akaikanyaga kwa nguvu zote. Muuzaji akapiga paji la uso kwenye kioo. Uani kulikuwa na watu kama kumi. Walicheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Huyo mpeni punda!"

"Nikirudi kule niseme gia zina tatizo," akasema, "unajua watakachonijibu? Gari zima, kichwa ndicho kibovu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na kile kitabu. Yule mpole wangu, aliyenifungulia mlango kama malkia, alinikalia mbele ya sahani niliyompikia akaniambia "wamesema ni kawaida". Na mimi nikampaka mafuta miguu!

"Umenidanganya mara mbili," nilimwambia.

"Najua."

"Na ukirudi kwenye lori utakuwa umenidanganya mara tatu, maana uliniahidi hutarudi."

Nikaenda jikoni kulia vizuri. Mama mkwe alikuwa pale anachambua maharage, amesikia kila neno. Nikajiandaa kusemwa. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Baba yake alikuwa hivyohivyo," akasema. "Alikaa na jino bovu miezi minne. Anatuambia anatafuna upande mmoja kwa kuwa anapenda. Shavu limevimba hivi, anapenda."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nilimsubiri aseme mwenyewe. Kosa langu hilo. Jino likaondoka na mawili ya jirani." Akatupa haragwe bovu dirishani. "Wewe usisubiri. Leseni unayo. Chukua funguo."

Hizo ni sentensi kumi kwa mkupuo mmoja. Nimemwelewa vibaya mama huyu miezi miwili mizima.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeendesha mimi hadi mjini. Laazizi alikaa pembeni kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Mtu wa kwanza kutuona pale uani alikuwa yule muuzaji. Akaja anakimbia na mikono wazi. "Bwana! Karibu! Paji langu limepona, kama umekuja kuniuguza umechelewa!" Watu wakacheka. Laazizi akasimama kidogo, kisha naye akacheka, wa mwisho, lakini alicheka. Basi. Wiki tatu za mtoni zilikuwa zinakimbia hicho tu.

Fundi ni msichana wa rika langu, kalamu sikioni. Alilizungusha gari barabarani, akarudi, akachomeka kompyuta chini ya usukani.

"Nani anaendesha?"

"Sisi wawili."

"Wiki za kwanza mliliendeshaje?"

Tukatazamana. Nikasema, "Taratibu."

"Taratibu kiasi gani?"

Nikamweleza habari ya kikombe. Alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Kikombe kimejaa?"

"Hadi ukingoni," Laazizi akasema, na nadhani kulikuwa na fahari kidogo sautini.

Fundi hakutucheka, alitabasamu tu. Akatueleza kwa Kiswahili cha kawaida, na hivi ndivyo nilivyoelewa. Giaboksi hii ina ubongo wake. Gari likiwa jipya linautazama mguu wa dereva na kujifunza kutoka kwake. Mguu wetu, wote wawili, ulikuwa mwepesi kiasi kwamba gari likaamini wenyewe hawana haraka ya kitu chochote duniani. Kwa hiyo likazoea kuingia gia kubwa mapema na kushika polepole, kwa adabu. Likikutana na karibu nusu tani ya maziwa na mlima, bado lina adabu. Linateleza katikati ya gia mbili, mafuta yake yanachemka.

"Na mteremkoni mnaweka gia huru?" akauliza.

"Kuokoa mafuta," Laazizi akasema. "Kwenye lori..."

"Hili si lori, kaka. Usifanye tena."

Mafuta ya gia yalikuwa yameanza kunuka kuungua, ameyabadilisha. Halafu amefuta kumbukumbu zote. "Sasa haijui kitu," alisema. "Mnaifundisha upya. Mguu thabiti, tena mkiwa na mzigo. Mkiibembeleza, mtarudi hapa. Na hiki," akagusa kitufe chenye picha ya tela, "mkipakia, bonyezeni."

"Lakini hatuna tela," nikasema. Tulikiona siku ya kwanza, tukakubaliana hakituhusu.

"Dada, mzigo ni mzigo."

Kijitabu kimegongwa mhuri. Njiani Laazizi alisema neno moja tu, "Asante," akitazama nje.

Bado sijamsamehe kabisa. Nimesamehe robo tatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Tatizo sasa ni mguu wake.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga, umeigusa."

"Ikipiga kelele?"

"Ipige! Si yetu?"

Hawezi. Gari likiunguruma kidogo tu, mguu unajiinua wenyewe. Miaka saba alilinda chuma cha mtu mwingine. Sasa chuma ni chake, ndiyo anazidi. Mlimani injini ikaanza ule utelezi wake wa zamani, nikaona siku mbili za kulifundisha zinayeyuka. Tulifika tumebakiza dakika tatu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeendesha mimi mlimani. Kitufe cha tela, mguu chini. Gia ya pili ikaingia na kishindo kidogo, nikaisikia mgongoni, na gari likapanda kama lililoitwa jina! Nilipiga kigelegele peke yangu. Madebe hayakumwagika hata tone.

Laazizi alifurahi. Baadaye akasema, "Wafugaji wakiniona nimekaa upande wa abiria, watasema nini?"

Tumekubaliana hivi: anatoka nalo yeye kituoni, pale wafugaji wanapokusanya maziwa, tunabadilishana kabla ya daraja ambapo hakuna nyumba, napandisha mimi, tunabadilishana tena juu. Kiwandani anaingia yeye. Najua ni ujinga. Lakini nilimtazama usoni nikakubali.

Ijumaa, 26 Aprili

Wiki nzima maziwa yamepita yote. Kila siku tunazunguka gari mvuani kama watoto wanaocheza, yeye mbele, mimi nyuma.

Alhamisi, 2 Mei

Mwendesha baiskeli alitukuta tunabadilishana. Laazizi akainama akajifanya anakagua tairi. Nilimwonea huruma na nilichoka, vyote pamoja. Nilidhani ndoa ukishapendwa imekwisha kazi. Kumbe ndiyo unapewa jembe.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua kubwa tangu alfajiri. Tulipomaliza kupakia debe la ishirini, Mwenyekiti alifungua mlango wa nyuma akaingia, mwavuli wake unachuruzika juu ya viti.

"Leo naenda nanyi," alisema. "Nimeambiwa mambo mengi juu ya safari hii. Nataka kuyaona."

Laazizi akanitazama. Mimi nikatazama mbele.

Tulikwenda. Nilikuwa nahesabu kichwani: kubadilishana haiwezekani, mama yuko nyuma. Mguu wake utajiinua mlimani. Gari limefundishwa wiki mbili tu, na lami leo ni mto. Tukikwama ni mara ya tatu, trekta, lori, siku nne kwa mwezi. Nilitaka kumnong'oneza "kanyaga, mume wangu, leo tu," lakini Mwenyekiti ana masikio.

Kabla ya daraja Laazizi alipunguza mwendo. Akasimama mahali petu pa kila siku. Akaweka gari kwenye kuegesha, akavuta breki ya mkono, akageuka nyuma.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "hapa anaendesha mke wangu."

"Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Mlima huu siuwezi na gari hili. Nina mguu mwepesi. Mara zile mbili maziwa yalipokataliwa ni mimi, na gereji nilichelewa kwenda kwa kuona aibu. Yeye ndiye anayepandisha, tangu tarehe ishirini na mbili. Kiwandani naingia mimi ili nionekane."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kisha akafungua mlango akashuka mvuani, akazunguka mbele ya taa. Hakukimbia. Nilimwona anapita, shati limeganda mwilini, anatembea kama mtu aliyetua gunia. Hata siku ya harusi sikumpenda vile.

Nikahamia kwenye usukani. Mwenyekiti akauliza, "Unaweza?"

"Naweza, mama."

"Basi twende, maziwa hayana habari na hayo."

Nikabonyeza kitufe. Kwenye daraja maji yalikuwa yanapita juu, nikapita polepole. Kisha mlima. Nikakanyaga. Injini ikapanda, nikasikia Laazizi anavuta pumzi pembeni, mguu wangu ukataka kuinuka, nikauzuia. Gia ya pili ikashika. Katikati ya mlima kulikuwa na trekta limesimama na tela lake, mwenyewe amejifunika nailoni, magurudumu yanazunguka bure. Nikalipita upande wa kulia. Mwenyekiti aligeuza shingo kulitazama hadi lilipopotea.

Juu sikusimama kubadilishana. Niliingia kiwandani mimi.

Mpimaji aliinua kigilasi mara ishirini. Sijawahi kuona kitu kizuri kama maziwa yasiyo na punje. Debe la mwisho lilipopita Mwenyekiti alikunja mwavuli wake. "Sitasema chochote kwenye kikao," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo. Nilidhani ni tabasamu la kawaida, kumbe kwake ni sherehe.

Jumanne, 7 Mei

Nimesamehe robo iliyobaki.

Jumamosi, 18 Mei

Madebe ishirini na mawili. Mvua zinapungua. Kurudi, gari likiwa tupu, anaendesha Laazizi. Wafugaji wamekwishazoea. Mzee mwenye mbwa alisema, "Siku hizi bwana ndiye bibi harusi." Laazizi akamjibu, "Na ninafunguliwa mlango." Ni kweli, leo nilimfungulia.

Jumatano, 22 Mei

Jua.

Ijumaa, 31 Mei

Kikao kilikuwa asubuhi, kituoni, watu wamekalia madebe matupu. Hatukupewa yote tuliyoyataka. Maziwa ya ng'ambo ya mto yatabebwa na mwenye trekta, kwa kuwa wafugaji wa huko ni ndugu zake na kwao hakuna mlima. Ya upande huu ni yetu, mwaka mzima.

Karani akauliza, "Niandike dereva nani?"

Watu wote wakamgeukia Laazizi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Andika mke wangu kwanza," akasema. "Halafu mimi, wa kurudi."

Karani akaandika hivyohivyo, "wa kurudi".

Nyumbani Laazizi alikaa kwenye ngazi akampigia mwenye lori. Mama mkwe aliacha kupepeta. Wifi alikuwa nusu kasukwa, akashika mkono wa msusi ili asikie.

"Mzee, shikamoo. Ile nafasi yangu mpe mwingine." Akasikiliza. "Hapana, mzee, hakuna aliyenizidishia mshahara. Nimepata kazi ambayo saa nne asubuhi niko nyumbani."

Upande wa pili mzee alisema kitu, Laazizi akacheka, akanitazama.

"Kila siku, mzee," akamjibu. "Kila siku ya Mungu."